Kuitembea Lamu kwa Mwendo wa Wenyeji

Mgeni anayesema Kiswahili huingia Lamu na mali ambayo mtalii wa kutoka mbali hana, kisha mara nyingi akaitupa. Hushuka jeti akamfuata wa kwanza aliyemdaka, akapiga picha na punda, akapelekwa Shela kwa boti ya kukodi, akala chakula cha hoteli. Siku ya tatu anaondoka akisema mji ni mzuri, ila mdogo. Ukweli ni kwamba hajauona. Ameona ukingo wa bahari na maduka ya zawadi.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuingia ndani zaidi. Lamu huenda kwa saa tatu kwa pamoja: adhana, maji kujaa na kupwa, na jua. Fundi, mvuvi, mama anayechoma mikate na mzee wa barazani wote hupanga siku yao kwa hizo. Ukizifuata utakuta watu mahali walipo, wakati walipo, wakiwa na nafasi ya kuzungumza nawe. Kinachobaki ni adabu, na hiyo tayari unayo kwa lugha yako.

Kufika bila kuhangaika

Lamu ni kisiwa, wala hakuna daraja. Ndege hutua Manda, kisiwa kinachotazamana na mji. Ukitoka kiwanjani unatembea hatua chache hadi jeti, kisha boti inakuvusha. Kwa barabara, basi la kutoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, safari ya takriban kilomita 340, na kutoka Mokowe ni boti tena. Panda basi la alfajiri ufike jua lingali juu. Beba kitambulisho au pasipoti mfukoni na si ndani ya begi, maana kuna vizuizi njiani na abiria hukaguliwa.

Jetini kuna boti za namna mbili: za abiria, ambazo kila mtu hulipa nauli yake, na za kukodi. Watakaokukimbilia ni wenye boti za kukodi. Wewe uliza tu, “Ya abiria iko wapi?” Swali hilo moja litakuonyesha kwamba bei iliyo mdomoni mwa mtu wa kwanza siyo bei pekee.

Begi la magurudumu liache nyumbani. Njia za Lamu ni nyembamba, zina vipandio, mifereji na mavi ya punda, na mzigo hubebwa mgongoni, kichwani au kwa mkokoteni. Ukimtaka hamali, patana naye kabla hajanyanyua mzigo.

Malazi yachague ndani ya mji wenyewe, angalau kwa usiku wa kwanza. Shela ni kwa anayetaka ufuo. Lakini ukilala Shela utaikosa Lamu ya alfajiri na ya baada ya isha, na hizo ndizo saa zake bora. Omba chumba cha juu, karibu na dari, ambako upepo wa bahari hufika.

Ramani iliyo kichwani

Ramani ya simu itakusumbua, kwa kuwa kuta ndefu huzuia mawimbi na vichochoro vingi havimo. Shika mambo manne tu.

La kwanza, mji umelalia mteremko unaoshukia baharini upande wa mashariki. Ukipotea, fuata mteremko na mfereji wa maji, utatokea pwani. La pili, barabara kuu mbili huenda sambamba na bahari: ile ya ukingoni, na Usita wa Mui iliyo ndani kidogo, yenye maduka pande zote mbili. Majengo mengi ya ukingoni ni ya baadaye, yamesimama juu ya kifusi kilichosogeza bahari nyuma. La tatu, upande wa kaskazini ni Mkomani, mtaa wa nyumba kubwa za mawe. Upande wa kusini ni Langoni, ambako mji ulitanuka kwa nyumba za udongo na makuti, na kwenye Msikiti wa Riyadha. La nne, katikati ipo Ngome, na mbele yake uwanja wa Mkunguni wenye mti mkubwa na mabaraza. Mtu yeyote akikuelekeza, atakuelekeza kuanzia Mkunguni.

Siku ya kwanza tembea Usita wa Mui kutoka mwisho hadi mwisho, kisha rudi kwa njia za juu, nyuma kabisa. Pikipiki zimeingia viunga vipya vya nyuma ya mji, ila katika mitaa ya kale mwenye njia bado ni punda. Utawaona wamebeba mchanga, saruji, mawe ya kujengea kutoka Maweni ng’ambo ya Manda, au watoto wanaorudi kutoka chuoni, yaani madrasa. Punda mwenye mzigo hasimami. Ukisikia kwato nyuma yako, panda kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, la nyumba iliyo karibu umpishe, na mwenye punda atakushukuru.

Saa za mji

Alfajiri, baada ya swala, mji uko wazi na baridi. Wavuvi wanarudi, soko lililo kando ya Ngome linapangwa, na mikate inatoka motoni. Amka saa kumi na moja na nusu uwe umekwishatembea kabla ya saa tatu. Kuanzia saa sita hadi saa tisa na nusu jua ni kali, maduka mengi hufungwa, na watu hula na kulala. Usiwagongee wakati huo. Lala nawe, au nenda makumbusho.

Baada ya alasiri mji huamka upya. Watoto hutoka chuoni, wazee hukaa barazani, bao na dhumna huanza, na vijana hujirusha majini kutoka gatini. Baina ya magharibi na isha njia hutulia kidogo. Baada ya isha ndipo chakula cha barabarani hufika na mazungumzo marefu huanza. Ijumaa mchana usipange lolote, kwa sababu mji mzima uko msikitini.

Saa ya maji inahitaji hesabu kidogo. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Maji yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu saa tano kasoro dakika kumi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo maji hupanda sana na kukauka sana. Siku hizo katika pwani hii hujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Katikati ya mwandamo na mpevu ni maji mafu, tofauti ni ndogo.

Hesabu hiyo ina kazi yake. Njia ya ukingoni kati ya mji na Shela, mwendo wa kama dakika 40 kwa miguu, hupitika vizuri maji yakiwa yametoka. Yakijaa, mahali pengine utatembea ndani ya maji. Safari ya Takwa, mji wa magofu ulio Manda, ni kinyume chake: bila maji kujaa boti haiingii. Kila asubuhi muulize mwenye nyumba unayolala, “Leo maji yanajaa saa ngapi?” Jibu lake ndilo litakalopanga siku yako.

Salamu kabla ya swali

Hapa salamu hutangulia kila kitu, hata bei ya embe. Ingia dukani kwa “Salaam aleikum” au “Sabalkheri”, subiri jibu, uliza hali, ndipo useme haja yako. Mzee muamkie kwa heshima ya umri wake. Mwanamume wa makamo ukimwita ami, na mama mtu mzima ukimwita mama au bibi, utakuwa umeonyesha kwamba ulilelewa. Masharifu na walimu wa chuo wana heshima yao mahsusi. Sikiliza wengine wanavyowaita, nawe ufuate.

Lahaja ya hapa ni Kiamu, na utasikia mui, ndia na nti pale ulipozoea mji, njia na nchi. Usimsahihishe mtu, wala usijaribu kumuiga. Zungumza Kiswahili chako, na usipoelewa sema hukuelewa. Watu wa Lamu huipenda lugha yao na hawachoki kuifafanua. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga mwaka 1858 utendi wa kumuusia binti yake, alizaliwa Pate na kuishi Lamu, na mabarazani wapo watu ambao tenzi wamezihifadhi kwa moyo. Ukimkuta mmoja, mwombe akusomee, kisha nyamaza mpaka amalize.

Baraza zina kanuni zake. Zile za uwanjani Mkunguni na za ukingoni ni za wote: toa salamu, keti pembeni, usikae katikati ya watu wanaozungumza. Zile zilizo ndani ya daka la nyumba ni za mwenye nyumba. Usikae mpaka ukaribishwe. Ukikaribishwa, usikatae haraka na usikae kupita kiasi.

Mavazi ni rahisi: funika mabega na magoti, mume na mke. Kanga moja begani humtosha mwanamke asiye na mtandio. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Picha za watu, hasa wanawake, omba kwanza, na ukinyimwa usizunguke pembeni ukapiga kwa siri. Msikitini, asiye Mwislamu aulize kabla ya kuvuka kizingiti, na kila mtu avue viatu mapema kuliko anavyofikiri.

Kula kama watu wanavyokula

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na chai yenye tangawizi au iliki. Utafute pia mkate wa mofa. Hubandikwa kwenye ukuta wa ndani wa jiko la udongo lenye makaa, ukaiva kwa joto la pande zote na kutoka na ganda kavu juu na ulaini ndani. Uliwe papo hapo, kwa mchuzi au kwa chai, maana ukipoa hugeuka mgumu. Anayeuchoma yuko mtaani, hana kibao mlangoni. Uliza watoto, wao ndio wanaotumwa kuununua.

Mchana ni wali wa nazi na samaki. Usimuulize mpishi ana nini kwenye menyu. Muulize leo kumevuliwa nini. Siku ya changu kula changu, siku ya kolekole kula kolekole, na pweza akiwepo usimwache. Samaki wa kupaka, aliyechomwa akapakwa tui zito lenye ndimu na viungo, ndiye wa kumpima mpishi: tui likiwa jepesi, kesho hama. Kamba wa bei kubwa wanaopangwa kwenye sahani za watalii sio chakula cha kila siku cha mwenyeji.

Jioni zunguka karibu na Ngome na ukingoni. Mishkaki, viazi vya karai, bhajia, sambusa na kaimati hupikwa mbele yako. Fuata sufuria yenye watu, na kula penye moshi. Sharubati ya ukwaju au ya embe ndiyo ya kushushia.

Kisha kahawa. Muuzaji huja na dele la shaba lenye makaa chini yake na vikombe vidogo visivyo na mkono, akivigonganisha ili ajulikane amefika. Kahawa ni chungu, ina tangawizi, na huja na halua au kashata. Beba sarafu. Kunywa, rudisha kikombe, ongeza cha pili ukitaka. Kikombe hicho ndicho kiti chako cha baraza: ukiwa nacho mkononi hakuna atakayekuuliza unangoja nini, na habari za mji zitakupitia, nani anaoa, boti ipi imekwama, bei ya samaki imepandaje.

Ukija Ramadhani, jua kwamba mchana vyakula vya nje hufungwa. Usile wala kunywa njiani hata kama hufungi. Zawadi yake ni usiku: mji hula, husali na kutembeleana mpaka daku, na meza za futari zina vyakula ambavyo miezi mingine huvioni.

Kuisoma nyumba ya kale

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sababu kubwa ni nyumba zake na maisha yanayoendelea ndani yake. Kwa nje nyumba hizi ni ukuta mtupu. Utazipita mia bila kuziona ukiwa hujui pa kutazama, kwa hiyo simama mbele ya moja ya Mkomani ukaisome polepole.

Anza na daka, ukumbi mdogo wenye mabaraza ya mawe kulia na kushoto. Hapo mwenye nyumba hupokea mgeni ambaye hana haja ya kuingia ndani. Nyuma yake ni mlango wa mbao wa mabawa mawili, na katikati unashuka mfaa uliochongwa. Mlango ukifunguliwa hutaona kitu, maana njia ya kuingilia hupinda kabla ya kufika kiwandani, uwanja wa ndani ulio wazi juu. Mtu wa nje asione ndani, na wa ndani apate hewa na mwanga: ndiyo kazi ya kona ile. Kutoka kiwandani, vyumba hupangana kimoja nyuma ya kingine, na kila unapoingia kimoja unazidi kuikaribia faragha ya familia. Chumba cha ndani kabisa ndicho chenye zidaka, safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa, palipowekwa vyombo vya kaure, misahafu na taa.

Tazama dari. Imeshikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Boriti hizo hizo zilibebwa na majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, zikaezekea nyumba za nchi zisizo na miti. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene za kuzuia joto la adhuhuri. Kwenye choo au kiwandani kuna birika la maji, na kwa desturi ya kale walitiwa humo visamaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Ndani ya birika, kwenye sakafu yake, hupachikwa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujificha.

Ukipata kibali cha kuingia, angalia wikio pia: chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili za ukoo mmoja, wanawake wakapita bila kushuka njiani. Ukikatiza chini yake utapata kivuli hata saa sita mchana.

Nyumba za watu ni za watu. Ya kuitazama kwa utulivu ni Nyumba ya Kiswahili, ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya imeitengeneza na kuiwekea vyombo vyake. Ianzie hapo, kisha tembea Mkomani: milango utaielewa kwa mtazamo mwingine.

Makumbusho yasiyofaa kurukwa

Beba kitambulisho, kwa kuwa viingilio kwa raia wa Kenya na wa Afrika Mashariki ni vya chini kuliko vya wageni wengine.

Jumba la Makumbusho lililo ukingoni lina siwa mbili, yaani baragumu za heshima: ya Pate, ya pembe ya ndovu, na ya Lamu, ya shaba. Zilipulizwa katika harusi na shughuli za watu wakubwa, na kumiliki siwa kulikuwa dalili ya utawala. Zitazame kwa karibu uone nakshi zake.

Ngome ilijengwa baada ya Vita vya Shela, ambapo watu wa Lamu waliyashinda majeshi ya Pate na Mazrui wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19. Baada ya ushindi walimwomba msaada Sultani wa Oman, na ujenzi ukakamilika mwaka 1821. Baadaye ilifanywa jela, ikaendelea hivyo mpaka 1984. Panda juu alasiri utazame Mkunguni na soko kwa pamoja.

Posta ya Wajerumani, kwenye Usita wa Mui, ilifunguliwa Novemba 1888 na kufungwa 1891, baada ya Wajerumani kuiachia Uingereza eneo la Witu. Ni ndogo, nusu saa inatosha.

Riyadha, katika upande wa Langoni, ilianzishwa na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Komoro, aliyefungua milango ya elimu ya dini kwa watu wa tabaka zote katika mji uliokuwa ukibagua. Mpaka leo wanafunzi huja hapo kutoka mbali. Ipitie kwa heshima hata kama unapita nje tu.

Kutoka mjini

Shela nenda kwa miguu maji yakitoka, urudi kwa boti ya abiria. Tazama msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 na mnara wake mweupe wa mviringo unaochongoka juu. Kisha ufuo unaanza, kilomita 12 hivi, na nyuma yake vilima vya mchanga. Vilima hivyo vitazame kwa heshima: mvua inayonyesha juu yake huchujwa na mchanga na kukaa chini, na ndiyo maji matamu yanayofika bombani mjini. Usiendeshe chochote juu yake, usichukue mchanga, usiache takataka. Wakati wa upepo wa kusi mawimbi ya upande wa bahari kuu ni makali, basi ogelea pale wenyeji wanapoogelea.

Takwa iko Manda, mwisho wa mkono wa bahari unaopita kati ya mikoko. Ni mji uliohamwa karne ya 17, wenye msikiti mkuu, misingi ya nyumba na kaburi la nguzo lenye maandishi ya 1681 au 1682. Wengi wa waliohama walivuka kwenda Shela, na watu wa Shela bado huja kwenye kaburi hilo kuomba mvua. Patana na nahodha jioni ya kuamkia safari, mpange saa ya kuingia na ya kutoka kwa mujibu wa maji. Nahodha anayekwambia “wakati wowote” hafai.

Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, ni kijiji cha mafundi wa vyombo. Ukibahatika kukuta mashua ufuoni iko nusu, keti uangalie. Mataruma, zile mbavu za chombo, hayakunjwi kwa moto: fundi hutafuta msituni tawi lililokua na mkunjo anaoutaka, akalisawazisha kwa tezo. Matundu ya misumari hutobolewa kwa kekee inayozungushwa kwa uta. Nafasi baina ya mbao hutiwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta, na sauti ya nyundo ikiisukuma pamba hubadilika inapokaza. Fundi husikiliza sauti hiyo kujua kama imetosha. Nunua mkeka kwa wanawake wanaosuka kabla ya kuondoka.

Lini uje, na urudi na nini

Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu na jua ni kali. Aprili na Mei ni mvua. Kuanzia Juni kusi huleta ubaridi na bahari chafu, lakini watu ni wachache na bei hushuka. Novemba hufanyika Tamasha la Utamaduni, lenye mashindano ya majahazi, punda na bao. Kubwa kuliko yote ni Maulidi ya Riyadha, mwezi wa Mfungo Sita, ambapo mji hupokea wageni kutoka pwani nzima, Komoro na kwingineko. Tafuta malazi miezi kabla, na uje kama mgeni wa ibada kwanza.

Kwa zawadi, mikeka, kofia za kushonwa kwa mkono, pete za fedha na mbao zilizochongwa ni kazi za watu unaoweza kuwaona wakizifanya. Lamu imewahi kuwa na fundi kama Muhamadi Kijuma, aliyefariki 1945, aliyechonga milango, akanakili maandiko kwa hati nzuri na kutunga mashairi. Wachongaji wa leo wanajiona katika nasaba hiyo. Ingia karakana, uliza mti gani na siku ngapi, kisha lipa bei ya haki. Milango ya kale, vigae na vipande vya kaure kutoka magofuni usiguse. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inavilinda, na mlango uliong’olewa haurudi ukutani.

Ukitaka mtu wa kukutembeza, chukua aliyesajiliwa, mpatane bei na saa, umwambie waziwazi unachotaka: fundi, shamba, nyumba, hadithi. Usimwachie achague, maana atakupeleka dukani.

Siku tatu zinatosha kuanza. Ya kwanza ya mji kwa miguu, ya pili ya nyumba na makumbusho mchana na barazani jioni, ya tatu ya bahari, kwa saa ya maji. Mpango ukivunjwa na mwaliko, ufuate mwaliko.

Neno la mwisho ni la pesa. Majumba mengi ya kale ya Lamu na Shela yamenunuliwa na watu wa mbali, kwa kuwa kutunza ukuta wa matumbawe ni gharama ambayo familia nyingi haziwezi. Kila usiku unaolala katika nyumba ya mwenyeji, kila mkate wa mofa, kila nauli ya boti ya abiria na kila mkeka wa Matondoni huingia katika mkono ambao kesho utanunua chokaa. Amua kabla hujapanda basi kwamba fedha zako zitabaki kisiwani, kisha zitumie hivyo kuanzia kikombe cha kwanza cha kahawa.